Haki za binadamu ni za nani? Jibu kwa mwalimu wa Katuba

SWALI: "Mwalimu, ninakusalimia kwa heshima. Ninafundisha historia na uraia katika shule ya sekondari hapa Katuba, Lubumbashi. Kila tarehe 10 Desemba mkurugenzi hunipa dakika chache niwaeleze wanafunzi maana ya siku hiyo. Mara ya mwisho mjomba wangu, ambaye ni mzee sana, alinisikia nikitayarisha maneno yangu, akacheka, akasema: 'Hizo ni haki za wazungu. Mwaka walipopitisha karatasi yao, sisi huku tulikuwa tunachapwa fimbo.' Nilikosa la kumjibu. Isitoshe, juma lilelile mdogo wangu alikamatwa na polisi kwa deni la kaka yetu mkubwa, ambaye amehamia Kolwezi. Alilala kasho usiku tatu, tukamtoa kwa kulipa. Je, haki hizi zilianza lini hasa? Ni zetu kweli, au tumeazimwa? Na zina faida gani ikiwa mtu anafungwa kwa deni la mwingine?"

JIBU:

Mwalimu mwenzangu, salamu zako nimezipokea, na pole kwa yaliyomkuta mdogo wako. Barua yako imebeba maswali matatu: haki hizi zilianza lini, ni za nani, na zinamsaidia nini mtu aliyelala kasho kwa deni lisilo lake. Nitakaa zaidi na lile la pili, kwa kuwa ndilo lililokunyima jibu mbele ya mjomba wako, kisha nitarudi kwa mdogo wako kwa maelezo ambayo mnaweza kuyatumia wiki hii hii.

Kwanza nikuambie wazi kwamba mjomba wako hakukosea katika ushahidi wake. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48, bila kura hata moja ya kulipinga, huku nchi nane zikijizuia kupiga kura. Umoja wa Mataifa ulikuwa na wanachama 58 tu. Kutoka Afrika walikuwemo wanne: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na huyo wa mwisho, ambaye mwaka uleule alikuwa ameingiza madarakani chama cha ubaguzi wa rangi, alikuwa miongoni mwa waliojizuia. Ubelgiji ilipiga kura ya ndiyo. Sisi hatukuwepo, wala hatukuulizwa. Na mwaka uleule wa 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha hapa kadi maalumu ya Mwafrika aliyehesabiwa kuwa amestaarabika, kana kwamba haki ni cheti cha mtihani. Mwaka 1952 ikaongeza utaratibu mwingine, ambapo mwombaji alichunguzwa mpaka namna familia yake inavyoishi nyumbani. Fimbo yenyewe ilifutwa rasmi mwaka 1959, karibu kabisa na uhuru. Wengi wetu tumekulia katika nyumba zenye ile picha ambayo wachoraji wa mji huu waliirudia kwa miaka mingi: mfungwa amelazwa kifudifudi, nguo imeshushwa, askari ameinua fimbo, mzungu amesimama kando akiangalia, na bendera ya Ubelgiji inapepea juu ya gereza. Picha ile haikusema uongo, na mwalimu anayewaficha wanafunzi wake jambo hilo tarehe 10 Desemba atakuwa anawafundisha hadithi ya kupendeza tu.

Lakini kutokana na ushahidi huo wa kweli mjomba wako ametoa hukumu ambayo, nikipima historia yote, naiona imegeuzwa juu chini. Hebu tuulize: ni nani hasa aliyesimama mbele ya mataifa na kusema kwamba haki hizi hazimhusu Mwafrika? Baada ya Tangazo kupitishwa, kazi iliyofuata ilikuwa kuandika mikataba yenye nguvu ya sheria, kwa sababu Tangazo lenyewe lilikuwa ahadi ya kimaadili ambayo hakuna jaji aliyelazimika kuitekeleza. Mara tu jambo lilipokaribia kuwa sheria, nchi zenye makoloni zilidai kiwekwe kifungu cha kuziruhusu kutia saini kwa ajili ya nchi zao za Ulaya bila makoloni kuguswa. Katika mjadala wa mwaka 1950 mjumbe wa Ubelgiji alieleza kwamba kanuni za haki za binadamu zinahitaji kiwango cha juu cha ustaarabu, na kwamba mara nyingi hazipatani na fikra za watu ambao bado hawajafikia maendeleo hayo. Waliosimama kuipinga hoja hiyo walikuwa hasa wajumbe wa nchi zilizowahi kutawaliwa au kudharauliwa, na Desemba 1950 Baraza Kuu likakikataa kifungu hicho. Mwezi mmoja nyuma, tarehe 4 Novemba 1950, nchi za Ulaya zilikuwa zimetia saini mkataba wao wenyewe huko Roma, na ndani yake kifungu cha namna hiyo kilibaki: kila dola ilijiamulia kama itaupeleka kwenye makoloni yake au la. Ubelgiji haikuuleta Kongo.

Kwa hiyo anayesema leo kwamba haki za binadamu ni mambo ya wazungu, anairudia bila kujua hoja ya mtawala aliyetaka azibakize kwake. Mwambie mjomba wako hivyo kwa adabu, kwa sababu hoja hiyo si ya wazee wetu hata kidogo.

Sasa turudi nyuma, kwenye swali la mwanzo. Watu wengi wanaoandika juu ya historia hii huchanganya mambo mawili. La kwanza ni wazo kwamba mtawala ana mpaka, kwamba hawezi kumtendea raia wake lolote alitakalo. Wazo hilo ni la kale, na halina kabila. Waingereza hutaja hati ambayo mfalme wao alilazimishwa na mabwana wake kuikubali mwaka 1215. Wasomi wa Afrika Magharibi hutaja mapatano ya Kurukan Fuga ya karne ya 13, katika dola ya Mali ya Sundiata, yaliyohifadhiwa kwa midomo ya magrio, yaani wasimulizi wanaotunza historia. Nasi wa Katanga tunaweza kutaja chama cha Mbudye katika ufalme wa Waluba, ambacho kilitunza kumbukumbu za dola kwa mbao za lukasa na kilikuwa na uzito wa kutosha kumkumbusha mfalme masharti ya kiti chake. Naomba usiwape wanafunzi wako mashindano ya kutafuta nani alianza. Hati ya Kiingereza ililinda watu huru tu, wala si mtumwa wa shambani, na falme zetu pia, pamoja na mipaka yake yote, zilijua biashara ya mateka.

La pili ndilo jipya: wazo kwamba mtu ana haki kwa kuwa mtu tu, hata akiwa mgeni, mateka, mwanamke, maskini au adui. Maneno yake makubwa yalisikika mwaka 1776 huko Marekani na mwaka 1789 huko Ufaransa, lakini waandishi wa Marekani walikuwemo waliomiliki watumwa, na Wafaransa hawakuwahesabu wanawake wala watu weusi wa visiwani. Olympe de Gouges, aliyeandika tangazo la haki za mwanamke mwaka 1791, aliuawa kwa kukatwa kichwa mwaka 1793. Mtihani wa kweli ulifanyika Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililolimwa na watumwa wa Kiafrika, na miongoni mwao walikuwemo wengi waliotolewa pande za Kongo. Waliasi mwaka 1791. Ufaransa ikalazimika kufuta utumwa mwaka 1794, Napoleon akaurudisha katika makoloni mwaka 1802, na watu wale wakapigana hadi mwaka 1804 walipotangaza dola huru ya Haiti. Mimi nikiulizwa ni wapi neno "kila mtu" lilianza kumaanisha kila mtu, nitaitaja Haiti kabla ya Paris. Na kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita: mwaka 1948, mjumbe aliyepewa kazi ya kuliwasilisha Tangazo mbele ya Baraza Kuu kwa niaba ya kamati iliyolijadili alikuwa Émile Saint-Lot wa Haiti.

Kongo nayo haikuwa mtazamaji. Kwenye Hati ya Berlin ya Februari 1885, ibara ya 6, mataifa yaliyogawana bara letu yaliahidi kuwalinda wenyeji, kuboresha hali yao na kusaidia kukomesha utumwa. Ahadi ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni mtu wa kuidai. Mwenyeji hakutajwa kama mwenye haki, ila kama kitu cha kutunzwa, na hakukuwa na mlango wowote wa kubisha mtunzaji anapogeuka kuwa mnyang'anyi. Mwaka 1890 Mmarekani mweusi, George Washington Williams, akiwa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, alimwandikia Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo kama mali yake binafsi, barua ya wazi akiorodhesha maovu ya utawala wake, na katika barua nyingine kwa serikali ya Marekani alitumia maneno "jinai dhidi ya ubinadamu", zaidi ya miaka hamsini kabla ya kesi za viongozi wa Wanazi huko Nuremberg kuyafanya yawe ya kawaida. Kisha ikaja enzi ya mpira, yaani utomvu ambao wanakijiji walilazimishwa kuuvuna. Mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kuwashika wake na watoto wa kijiji na kuwafungia mpaka wanaume walete uzito uliotakiwa. Kumbuka mbinu hiyo, tutakutana nayo tena.

Makelele ya Ulaya, yaliyopigwa na mwandishi Morel, na ripoti ya konsuli Casement wa Uingereza ya mwaka 1904, pamoja na picha za mmisionari Alice Seeley Harris, yalimlazimisha Leopold kutuma tume ya uchunguzi. Majina ya Waingereza hawa yanajulikana sana. Yanayojulikana kidogo ni ya Wakongo waliofika mbele ya tume hiyo na kusema. Mmoja wao alikuwa chifu Lontulu wa Bolima. Aliingia akiwa na vijiti 110, kila kimoja kwa mtu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira, akavipanga mbele ya makamishna kwa mafungu, hiki cha mkubwa, hiki cha mwanaume, hiki cha mwanamke, hiki cha mtoto, akitaja majina. Ukitafuta mwanzo wa haki za binadamu katika nchi hii, usiende mbali na vijiti vile. Mtu aliyeporwa kila kitu alisimama mbele ya mwenye nguvu, akahesabu, akataja, akadai hesabu ipokewe. Tume ilithibitisha maovu, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia nchi dola ya Ubelgiji, ambayo ilipunguza ukatili wa wazi bila kutuhesabu kuwa watu wenye haki.

Nitaruka haraka miaka iliyofuata, ingawa mwaka 1919 haustahili kusahaulika: Japani ilipendekeza usawa wa mataifa uandikwe katika katiba ya Shirikisho la Mataifa, ikapata kura za wengi, na rais Wilson wa Marekani, aliyekuwa mwenyekiti, akasema bila kauli moja pendekezo haliwezi kupita. Mwaka ninaotaka usimame nao darasani ni 1941. Mwezi Agosti, Roosevelt na Churchill walitangaza katika Mkataba wa Atlantiki kwamba kila watu wana haki ya kuchagua serikali yao. Mwezi uliofuata Churchill aliliambia bunge lake kwamba alikuwa akizifikiria hasa nchi za Ulaya zilizokuwa chini ya Wanazi. Na mwezi Desemba, hapa hapa kwetu, wakati mji ukiitwa Elisabethville, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, waligoma wakidai mshahara wa kuishi, kwa sababu vita vilikuwa vimepandisha bei za vitu na kuwaongezea kazi. Tarehe 9 Desemba 1941 walikusanyika uwanja wa mpira. Askari waliwafyatulia risasi, na makumi ya watu wakafa, akiwemo msemaji wao, Léonard Mpoyi. Miaka saba na siku moja baadaye Paris ilipiga kura kwamba kila mfanyakazi ana haki ya ujira wa kumtosha kuishi kwa heshima yeye na familia yake: ibara ya 23. Simaanishi kwamba waandishi wa Tangazo walimjua Mpoyi. Ninamaanisha kwamba dai la uwanja wa mpira na ibara ile ni dai moja, na kwamba watu wa mji huu walilitoa kwa gharama kubwa kabla halijapigiwa kura. Ni historia ya mji wa wanafunzi wako wenyewe.

Kuhusu uandishi wenyewe wa Tangazo, kati ya 1946 na 1948, inatosha kuwaambia kwamba meza haikuwa ya rangi moja, ijapokuwa Afrika haikuwa na kiti cha kutosha. Eleanor Roosevelt wa Marekani aliiongoza tume. John Humphrey wa Kanada na René Cassin wa Ufaransa walitayarisha rasimu. Peng Chun Chang wa China alizuia isifungwe katika falsafa ya Ulaya peke yake. Charles Malik wa Lebanoni alitetea uhuru wa dhamiri. Hansa Mehta wa India alishikilia kwamba sentensi ya kwanza iwataje binadamu wote, wala si wanaume. Sehemu ya pili ya ibara ya 2 ndiyo inayotugusa zaidi: inakataza kumtofautisha mtu kwa sababu nchi yake iko chini ya utawala wa wengine. Walioiandika walijua wanaandika juu ya makoloni. Wabelgiji waliopiga kura ya ndiyo, sidhani walitarajia mtu wa Katanga aje kuisoma.

Lakini ilisomwa. Hotuba ya Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 1960, iliyomkasirisha mfalme wa Ubelgiji, ukiisoma kwa utulivu utaona ni mashtaka ya haki za binadamu, hoja kwa hoja: matusi na mapigo asubuhi, mchana na jioni, ardhi iliyonyang'anywa kwa jina la sheria, na sheria ambayo haikuwa moja kwa mweupe na mweusi. Mwezi Desemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kuwatawala watu kwa nguvu kunavunja haki za msingi za binadamu. Nchi 89 ziliunga mkono. Tisa zilijizuia, Ubelgiji ikiwemo. Na mikataba miwili mikubwa ilipokamilika tarehe 16 Desemba 1966, ibara ya kwanza ya kila mmoja iliwekwa haki ya watu kujiamulia mambo yao, jambo ambalo Tangazo la 1948 halikulitamka. Hilo ni badiliko lililoletwa na nchi za Asia na Afrika. Mwaka 1981, Nairobi, wakuu wa Afrika walipitisha mkataba wao, uliotayarishwa na wataalamu chini ya jaji Kéba Mbaye wa Senegali. Humo ndimo unamokuta haki za watu kwa pamoja, haki ya maendeleo, na pia wajibu, ukiwemo wa kuwaheshimu wazazi na kuwasaidia wanapohitaji. Mjomba wako ataipenda ibara ya 29.

Hapa sharti niwe mkweli, nisije nikakupa ushindi rahisi. Zaire ilijiunga na mikataba miwili ya 1966 tarehe 1 Novemba 1976, na Mkataba wa Afrika mwaka 1987, yote chini ya Mobutu, na wewe mwalimu wa historia huhitaji nikueleze magereza ya wakati huo. Serikali hutia saini kwa sababu nyingi, nyingine za maonyesho tu. Na zipo serikali za Afrika ambazo hutumia maneno ya mila na uhuru wa taifa kujikinga na raia wao wenyewe, ilhali zipo dola za Magharibi ambazo hukumbuka haki za binadamu kwa maadui na kuzisahau kwa washirika wa biashara. Yote mawili ni kweli. Hata hiyo mila inayotajwa, ichunguze kabla ya kuitetea. Kwa miaka mingi sheria yetu ya familia ya mwaka 1987 ilimlazimisha mke kupata idhini ya mume kwa shughuli za kisheria, na watu waliitetea kama desturi ya mababu, ingawa sharti hilo limo waziwazi katika sheria ya Napoleon ya mwaka 1804 ambayo Wabelgiji waliirithi. Tuliliondoa mwaka 2016.

Saini, hata ikitiwa kwa unafiki, ina kazi yake, na hii ndiyo sehemu ambayo wengi hawaielewi. Dola ikishaukubali mkataba, mtu wa nje na raia wa ndani wote wanapata mahali pa kuushika. Mfanyabiashara wa Guinea, Ahmadou Sadio Diallo, alikamatwa Novemba 1995 na kufukuzwa nchini kwetu Januari 1996 baada ya miaka mingi ya kufanya biashara Kinshasa. Nchi yake ilitushtaki katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mwaka 2010 mahakama ikaamua kwamba Kongo ilivunja mikataba ileile ambayo Mobutu aliikubali. Mwaka 2012 ikaagiza alipwe fidia ya dola 95,000. Karibu na sisi zaidi, yapo mauaji ya raia yaliyofanywa na jeshi la serikali huko Kilwa, kando ya ziwa Mweru, Oktoba 2004. Kesi ya kijeshi iliyosikilizwa hapa Lubumbashi iliisha mwaka 2007 bila mtu kuhukumiwa kwa mauaji yale. Wahanga walipeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na uamuzi uliotangazwa mwaka 2017 uliiona serikali yetu ina hatia na kutaka wahanga walipwe dola milioni 2.5. Uamuzi wa namna hiyo haujitekelezi wenyewe; Tume haina askari. Hata hivyo, majina yao yameandikwa mahali ambapo hakuna ofisa wa mkoa anayeweza kuyafuta, na dai lao sasa lina msingi ambao Lontulu hakuwa nao.

Tufike kwa mdogo wako. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 ina sehemu nzima ya haki za binadamu, na ibara yake ya 215 inaipa mikataba iliyoridhiwa na kutangazwa nguvu iliyo juu ya sheria za kawaida. Ibara ya 17 inasema hatia ya jinai ni ya mtu binafsi, na kwamba hakuna anayeweza kushtakiwa, kukamatwa, kufungwa au kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Ibara ya 61 inataja mambo yasiyoweza kuguswa hata nchi ikiwa katika hali ya hatari, na mojawapo ni katazo la kumfunga mtu kwa deni. Kumshika ndugu ili mwenye deni arudi kutoka Kolwezi ni mbinu ileile ya enzi ya mpira, ya kumfungia mke mpaka mume alete mzigo. Ndiyo sababu ibara hizo zipo. Ibara ya 18 nayo inataka aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana mara moja na familia yake au mwanasheria wake, na asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48. Baada ya hapo aachiliwe au afikishwe mbele ya mamlaka ya sheria. Kwa usiku tatu alizolala, mdogo wako alivunjiwa ibara tatu kwa pamoja.

Tahadhari moja, kwa kuwa najua namna mambo yanavyokwenda. Mdai akifika polisi mara nyingi hasemi "deni". Anasema ametapeliwa, au mali aliyomkabidhi mtu imeliwa, kwa sababu hayo ni makosa ya jinai na yanafungua mlango wa kasho. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza ofisa, kwa sauti ya chini na bila matusi, ni hili: pe-ve, yaani maandishi rasmi ya polisi, imeandikwa kwa kosa gani, na kwa jina la nani? Ikiwa jina ni la kaka yenu mkubwa, mdogo wako hana kesi. Ikiwa jina ni la mdogo wako, mnahitaji mwanasheria hata kama mnaona wazi kwamba ni uongo, kwa maana kosa lililobatizwa upya linajibiwa kisheria tu.

Sasa ametoka, na mna njia zaidi ya moja mbele yenu, nami sitaki kukuamulia. Mnaweza kuliacha, mkajua kwamba faili linaweza kuwa bado lipo na kuamshwa mdai akirudi. Wengi huchagua hivyo kwa kuchoka, wala siwalaumu. Mnaweza kwenda parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, ambayo kisheria husimamia kazi ya maofisa wa polisi na kukagua kasho zao, mkatoa malalamiko ya maandishi. Na mnaweza kupeleka suala hilo Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, ambayo hupokea malalamiko bila malipo lakini haina uwezo wa kuhukumu. Deni lenyewe halifutiki kwa lolote kati ya hayo: kaka yenu bado anadaiwa, na mahali pa kulizungumza ni mahakama ya amani, kwa kesi ya madai, kati yake na mdai.

Usitegemee barua yangu peke yake ikiwa lolote kati ya haya limetokea: mdogo wako alipigwa, amepewa wito mwingine, alisaini karatasi asiyoielewa, au mdai anawatishia nyumbani. Hapo onana na mwanasheria ana kwa ana bila kuchelewa. Kama pesa hazipo, chama cha mawakili kina ofisi ya ushauri wa bure; ulizia kwenye jengo la mahakama. Akiwa na alama za kipigo, aanze na daktari kabla hazijapona, apate cheti chenye tarehe. Msiende kituoni kwenyewe kudai pesa zenu, na hasa msimpeleke yeye. Kabla ya kutoka nyumbani, kaeni pamoja muandike siku na saa aliyokamatwa, siku na saa aliyotoka, jina au angalau cheo cha ofisa aliyempokea, kiasi mlicholipa na aliyekishika, na majirani walioshuhudia. Kama mlipewa risiti, hata kipande cha karatasi kisicho na muhuri, kitoleeni kopi. Kopi ndiyo ya kumwachia mtu, karatasi yenyewe irudi nyumbani.